Kiti Isamilo au hema Jinja: muziki wa majaribio wa kielektroniki uusikilize wapi kwanza?

Mpwa wangu anayesoma chuo kule Malimbe alinipigia simu jioni moja. Shikamoo, marahaba, kisha akaingia kwenye shida yake moja kwa moja: "Mjomba, nimedunduliza hela. Sasa sijui nipande basi niende Jinja, Uganda, kwenye lile tamasha la siku nne, au nibaki hapahapa Mwanza niende Isamilo kwenye yale maonyesho yenu ya watu arobaini. Vyote viwili siviwezi mwaka huu."

Nilimjibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa juu ya ngazi nafunga spika za harusi. Usiku, wakati wa kufungua mitambo, swali lake likanirudia. Naamini wapo wengine Mwanza, Musoma na Bukoba wanaojiuliza hivyohivyo, na wengi hawana mjomba aliyeviona vyote viwili. Basi nalijibu hapa taratibu.

Mimi ni fundi mitambo. Kinachonilisha ni harusi, sendofu, vipaimara na mikutano ya injili, kuanzia Igoma mpaka Sengerema. Muziki huu nimeujulia kazini. Kijana mmoja alikuja kukodi spika mbili na mikisa ndogo, nikamuuliza anaimba nini. Akasema haimbi, anapiga sauti za mwalo wa Kirumba. Nilikwenda kukaa pembeni nilinde vyombo vyangu, na kwa muda wa saa nzima nikasikia barafu inavyovunjwa, mitumbwi inavyogongana na akina mama wanavyopigia bei dagaa, vyote vimenyooshwa na kukunjwa mpaka vikawa kama kwaya iliyo mbali. Nimeufunga muziki wa kila aina katika jiji hili, lakini usiku ule sikugusa simu. Tangu hapo nimehudhuria kila onyesho la namna hiyo nililolisikia, na mara moja nimevuka mipaka miwili hadi Jinja.

Msimamo wangu nautaja mapema, usome ukiujua. Usichague kwa jina la msanii lililoandikwa kwenye tangazo; chagua kwa mahali utakapokuwa umeketi au umesimama. Kompyuta ileile, faili lilelile, ukilipeleka kwenye chumba cha mita saba na kwenye uwanja wa kando ya mto, wasikilizaji watatoka na habari mbili tofauti.

Tunazungumzia muziki gani

Kwenye bongo fleva unangoja kiitikio. Kwenye muziki wa majaribio wa kielektroniki sauti yenyewe ndiyo habari: unaweza kukaa dakika ishirini ukifuata mngurumo mmoja unavyobadilika. Msanii ana kompyuta mpakato, au sinthesaiza (chombo cha umeme kinachozalisha sauti), au kinasa sauti chenye mambo aliyoyaokota mtaani, na anayavuta, anayakata, anayarudisha nyuma mbele ya macho yako. Wengine hawajui litakalotokea mpaka litokee. Ndiyo maana ukaitwa wa majaribio, na ndiyo maana kuusikia ukiwa unapigwa papo hapo kunazidi kuupakua.

Wala si jambo lililoshuka juzi kutoka Ulaya. Mwaka 1944, jijini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh alibeba kinasa sauti cha waya, akarekodi wanawake kwenye zar, ile shughuli ya kupunga pepo ambayo watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa. Kisha akaichezea sauti ile studioni mpaka ikabaki mwangwi unaopanda na kushuka. Hiyo ni miaka minne kabla ya 1948, mwaka ambao Mfaransa Pierre Schaeffer alipeleka redioni kazi zake za sauti za treni na sufuria, na vitabu vingi vikaanzia hapo kuhesabu.

Karibu na kwetu, Nairobi imemzaa Joseph Kamaru, anayejiita KMRU, ambaye muziki wake ni wa polepole sana na umejengwa kwa sauti za mazingira alizorekodi mwenyewe. Dar es Salaam nayo ina singeli. Kwetu ni muziki wa kigodoro na vanga, lakini watengenezaji wake, wengi wakiwa wamepitia studio ya Sisso pale Mburahati, wanaalikwa Ulaya kwenye majukwaa ya muziki wa majaribio, kwa sababu midundo 200 hadi 300 kwa dakika na taarabu iliyokatwakatwa ni kitu ambacho kule hawakukitegemea.

Kwa hiyo ukoo huu una ncha mbili. Moja inatambaa na kunong'ona, nyingine inakimbia na kutikisa kifua. Chumba cha Isamilo kinaibeba vizuri ncha ya kwanza. Jinja inaibeba ya pili.

Chumba cha watu arobaini

Maonyesho haya Mwanza hayana ratiba ya kudumu. Habari inapita kwenye makundi ya WhatsApp na mdomoni, siku tatu au nne kabla. Isamilo ninayoitaja ni chumba cha mikutano ghorofani, viti vya plastiki, madirisha ya vioo vya kupanga, spika mbili mbele na mara nyingine mbili nyuma. Msanii anakaa mezani kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Taa inapunguzwa. Anaanza bila salamu.

Hapa nataka nikae kidogo, maana kwenye chumba ndiko ninakojua zaidi na ndiko watu wanakokosea kuchagua kiti.

Besi ina urefu. Sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, inanyooka karibu mita saba kutoka wimbi hadi wimbi, na chumba kile kina kama mita saba kutoka ukuta hadi ukuta. Matokeo yake besi inajipanga chumbani kama maji yanayopigwa kwenye beseni: inarundikana kutani, inarundikana katikati, na kati ya hapo kuna mahali inapotea kabisa. Ukiketi mita moja na robo tatu hivi kutoka ukutani utadhani msanii hana besi. Vuta kiti hatua mbili kuelekea katikati, inarudi yote. Mtu wa nyuma yako na wewe mnaweza mkatoka na simulizi zisizofanana, na nyote mkawa mnasema kweli. Ushauri wangu ni kufika mapema wakati wanajaribu mitambo, na kuzunguka chumba kwa miguu mpaka upate mahali pako. Hakuna atakayekuuliza. Kwenye harusi nikikuona unafanya hivyo nitadhani umepoteza kitu. Pale kila mtu anafanya.

Jambo la pili ni ukimya. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na erthi isipokaa sawa mngurumo huo unaingia kwenye nyaya na kutokea spikani. Harusini hausikiki, maana umefunikwa na vigelegele. Muziki unaonong'ona haufuniki chochote. Nimeshatumia mchana mzima Isamilo nikiutafuta mngurumo wa namna hiyo, nikabadilisha waya mmoja baada ya mwingine, mwisho nikachomoa chaja ya kompyuta ya msanii na chumba kikatulia kama kisima. Kama mwandaaji anakuambia kuna jenereta, muulize imewekwa wapi. Jenereta chini ya dirisha inakula nusu ya onyesho.

Jenereta na yenyewe siyo lazima. Usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya kipande. Spika zikafa, feni ikazunguka mara tatu nne ikasimama, lakini kompyuta ya msanii ilikuwa na chaji, kwa hiyo mwanga wa kioo ukaendelea kummulika usoni na mikono yake haikuacha kazi. Hakuna aliyesema neno. Tulimtazama akipiga muziki ambao yeye peke yake alikuwa anaufuata kwa macho. Umeme uliporudi baada ya dakika kama nne, sauti iliibukia mahali pengine kabisa, kama mnandi anayezama upande huu wa mtumbwi na kutokea kule usikomtegemea. Sijawahi kuona kitu kinachonieleza vizuri kuliko hicho maana ya kusema muziki unapigwa sasa hivi.

Faida nyingine ya chumba, na kwa kijana kama mpwa wangu naiona ndiyo kubwa, inakuja baada ya taa kuwashwa. Unasogea mezani. Unaona waya upi umeingia wapi. Unauliza, "Ile sauti ya kama mlango wa chuma ilikuwa nini?" na unaambiwa ni pampu ya maji ya jirani yao Nyakato. Nimeona watu watatu waliokuja kusikiliza tu wakarudi miezi iliyofuata wakiwa wapigaji.

Upande wa pili wa mizani nao upo. Chumba kina joto. Kiti cha plastiki baada ya saa moja kinauma. Watu arobaini wakikaa kimya, kikohozi kimoja ni tukio, na ukiona muziki haukuingii huna pa kujificha: ukisimama kutoka, msanii anakuona, rafiki zako wanakuona. Kwa mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza hilo ni zito, hasa kwetu ambako kumwacha mtu akizungumza ni utovu wa adabu. Kusinzia kunaruhusiwa, hilo nalisema kwa moyo mweupe. Wapo wasanii wanaofurahi kuona watu wamefumba macho. Kuongea ndiko kunakoharibu, na simu iliyoinuliwa kurekodi inaweka taa machoni mwa safu tatu za nyuma.

Jinja

Tamasha lenyewe linaitwa Nyege Nyege. Najua jina hilo kwa Mswahili lina uzito, na kulitamka mbele ya wakwe hakuwezekani. Kwa Kiganda waandaaji wanalieleza kuwa ni ile hamu ya ghafla ya kucheza inayomshika mtu asiweze kujizuia. Lilianza mwaka 2015, likiongozwa na Arlen Dilsizian na Derek Debru waliokuwa Kampala, na limekuwa likifanyika Jinja na maeneo ya karibu, kandokando ya mto Nile. Mwaka 2022 lilihamia kwenye maporomoko ya Itanda. Watu haohao wana lebo ya kutoa kanda na santuri, Nyege Nyege Tapes, iliyotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso mwaka 2017. Kwa maneno mengine, singeli ya Mburahati ilipitia Uganda ikielekea Ulaya.

Pale unakaa siku nne, majukwaa kadhaa kwa pamoja, mchana na usiku. Utakuta DJ wa Kampala, ngoma za Waganda zikiwa zimefungiwa sinthesaiza, wachana mistari wa Nairobi, wageni kutoka kila bara. Kilichonigusa kuliko vyote ni muziki wa Waacholi wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Miaka ya vita na umaskini, harusi za kule hazikumudu tena kuita kikundi kizima cha wapigaji, basi mafundi kama Leo Palayeng wakaanza kuutengeneza muziki huo wa harusi kwenye kompyuta, na waimbaji kama Otim Alpha wakauimba juu yake kwa kasi ileile ya asili. Kwa mtu wa harusi kama mimi, kusikia kitu kilichozaliwa kwa sababu ya bajeti ya kamati kikitikisa uwanja wa watu maelfu kulinitoa machozi, na sioni haya kuandika.

Tena Jinja ni nchi ya Busoga, kwenye embaire, ile marimba kubwa ya mbao inayolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini na kupigwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Shimo ndilo spika yake. Ukiisikia kabla ya kuingia kwenye majukwaa ya umeme utaelewa besi ya watu wale inatokea wapi.

Lakini nje ni nje. Sauti isiyo na kuta hupungua kwa desibeli sita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila unapozidisha umbali mara mbili, na hakuna kona ya kuirudishia besi. Upepo wa mto unaipeperusha. Jukwaa jirani linaingilia. Vipande vya kunong'ona pale vinakufa, hilo nililiona kwa macho yangu: msanii mmoja wa muziki wa polepole alipangiwa saa mbili usiku, na nusu ya alichokipiga kilimezwa na ngoma za jukwaa la pili. Umati ulimpenda, lakini sidhani kama ulimsikia.

Halafu kuna umbali. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Singeli ya midundo 240 kwa dakika inapiga mdundo mmoja kila robo sekunde, na kwa robo sekunde sauti imekwenda mita 85. Maana yake ukisimama mita 85 kutoka jukwaani, mkono unaouona ukishuka sasa hivi ni wa mdundo mmoja mbele ya unaousikia. Macho na masikio yako yanacheza nyimbo mbili. Ukitaka singeli ikuingie kama inavyoingia Tandale, sogea mbele, karibu na meza ya fundi, siyo nyuma kwenye vibanda vya chapati.

Na ukisogea mbele, utaipata. Besi ya uwanjani inayopita kwenye nyayo, watu mia tano wakiruka kwa mpigo mmoja, vumbi, jasho, mtu usiyemjua anakushika bega. Chumba cha Isamilo hakitakupa hilo hata kingejaa watu mia.

Ruhusa ya kuondoka

Kuna tofauti moja ambayo wengi hawaihesabu, nayo kwangu ni kubwa. Sisi wa Usukumani tumelelewa kwenye usikilizaji wa miguu. Kila Juni kule Bujora, Kisesa, wakati wa sherehe ya Bulabo, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana kwa ngoma. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna anayeinua mkono kupiga kura; ukichoshwa na hawa unahamia kwa wale, na kuhama kwako ndiko kunakohesabiwa. Baba yangu alinipeleka nikiwa mdogo, na ninakumbuka umati ukimiminika kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha ukirudi, kwa sababu mtu ametoa nyoka.

Jinja inafuata desturi hiyohiyo bila kujua. Jukwaa halikukamati, unaondoka, hakuna anayenuna. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kabisa kuusikia muziki huu, na anaogopa kukwama kwenye kiti, Jinja inamfaa zaidi kwa hilo. Atakutana na vitu ishirini, kumi na tano atavipita, vitano vitamshika.

Ila muziki huu una vipande ambavyo dakika kumi za kwanza vinakera. Mngurumo mmoja, haubadiliki, unajiuliza nimekuja kufanya nini. Dakika ya kumi na mbili masikio yanachoka kungoja wimbo, yanaanza kusikia vitu vilivyomo ndani ya mngurumo: sauti nyembamba zinazozunguka, mapigo ya polepole, kitu kama watu wanaoimba mbali. Mwenye miguu huru anakuwa ameshaondoka dakika ya tano. Kiti cha Isamilo, kwa aibu yake yote, kinakufikisha dakika ya kumi na mbili. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza na ya mwisho ya kumpendekezea mtu aanzie chumbani.

Njia, mfuko na masikio

Isamilo unapanda daladala, halafu bodaboda kwa kile kipande cha mwinuko. Gharama yake ni kiingilio na soda. Sina zaidi.

Jinja inahitaji mpango. Zipo njia mbili. Ya mashariki inapita Magu, Bunda, Tarime, unavuka Sirari kuingia Kenya, Migori, Kisumu, kisha Busia kuingia Uganda, na Jinja unaikuta kabla ya Kampala. Ni mipaka miwili na fedha za nchi tatu mfukoni. Ya magharibi ina mpaka mmoja: meli ya usiku kutoka Mwanza hadi Bukoba, au basi kupitia daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kisha Mutukula, Masaka, Kampala, na kutoka Kampala Jinja iko kilomita 80 hivi mashariki. Mimi nilikwenda kwa mashariki na nikarudi kwa magharibi. Ya meli ndiyo ningerudia: unalala, unaamka umefika Bukoba, mwili una nguvu ya siku inayofuata. Basi nililopanda kwenda lilituweka mpakani saa nyingi kwa sababu ya mizigo ya mtu mmoja, na tulifika uwanjani msanii niliyemfuata akiwa ameshashuka jukwaani. Hesabu siku moja ya akiba kabla ya tamasha, usije ukalipa ninavyolipa mimi hadi leo.

Mtanzania haombi viza Uganda, lakini lazima uwe na hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, na ukishachomwa inatosha maisha yako yote. Watu wanaikumbuka wakiwa kwenye foleni ya mpaka. Tarehe ya tamasha nayo usiichukue kwa mazoea: kwa miaka mingi lilikuwa Septemba, mwaka 2024 likafanyika Novemba. Na limewahi kupigwa vita na wakubwa, mwaka 2018 waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alitaka lizuiwe, mwaka 2022 suala likafika bungeni kabla ya serikali kuliruhusu kwa masharti. Ngoja kibali kitangazwe ndipo ulipe vitu visivyorudishwa.

Hema, chandarua, viatu vya matope. Mto usiuoge, una mkondo mkali na kichocho. Binti akienda, aende na wenzake na walale hema zinazopakana. Nilimwambia hivyo dada yangu alipouliza, na ninamwambia kila mzazi.

Kuhusu masikio nasema kama fundi niliyeanza kazi bila kuambiwa. Desibeli 85 mtu anavumilia saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda unagawanywa kwa mbili, kwa hiyo desibeli 100 ni dakika kumi na tano tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kiwango cha kumbi na matamasha: wastani usizidi 100. Karibu na spika za uwanjani wastani huo unapitwa kirahisi, na huko ndiko nilikokutuma usimame. Nunua vizibo vya masikio vya sponji, vile wanavyovaa watu wa mashine. Vinauzwa bei ya soda, na singeli haipungui utamu, inasafishika. Chumbani wengi hawavihitaji. Lakini uliza: wapo wasanii wa makelele wanaokusudia kukuumiza hata ndani ya mita saba.

Nani aende wapi

Kama unataka kutengeneza muziki huu, nenda chumbani, nenda mara nyingi, na ile hela ya Jinja nunua kinasa sauti kidogo. Kama wewe ni mchezaji, mwili wako ndio unaosikiliza kabla ya kichwa, panda meli. Kama ulishakaa chumbani mara mbili tatu na unaanza kuyajua mambo yaliyomo ndani ya mngurumo, Jinja itakupa maradufu ya ambavyo ingekupa mwanzo, maana utawatambua wanong'onaji hata wakiwa wamemezwa na ngoma, na utajua kusogea mbele kuwafuata. Mwenye hofu ya kuchoka, ambaye hana hakika kama muziki huu ni wake, mimi bado namshauri chumba, kwa sababu hasara yake ni jioni moja na nauli ya bodaboda.

Mpwa wangu ni mchezaji anayetaka kuwa mtengenezaji, kwa hiyo alinisumbua mizani. Nimemwambia aanze Jumamosi hii Isamilo, afike saa kumi wakati nafunga mitambo, azunguke chumba, achague kiti chake mwenyewe. Amekubali. Halafu juzi akanitumia picha ya kadi ya njano, amechanjwa tayari, na chini yake ameandika: "Siku kumi zinaanza leo, mjomba."